Mche wa Bupe

Hoho kubwa haitokani na mbolea, kama wengi wa huku Chamazi wanavyodhani. Inatokana na kuondoa. Mche wa hoho ukifikia kimo cha goti, shina hugawanyika panda, na pale kwenye panda huchomoza ua moja jeupe kabla ya mengine yote. Ua hilo linapendeza, na ndilo la kuondoa. Ukiliacha, mche utahangaika kulilea na utadumaa. Ukiliondoa, mche unarefuka na kunenepa. Matunda yanayofuata unayapunguza tena, unabakisha machache, na hayo machache ndiyo watu wanayoyashika kwa mikono miwili wakiuliza kama kweli ni hoho.

Sikufundishwa hayo na mtu. Niliyasoma. Nilianza darasa la watu wazima nikiwa na miaka ishirini na sita, mpagazi katika kiwanda cha nguo, na nikamaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni nikiwa na thelathini na tisa, msimamizi wa stoo. Tangu hapo sijaacha kusoma wala kuandika. Nilipostaafu nikajenga kitalu nyumba nyuma ya nyumba yangu, mita nane kwa kumi na tano: mirunda, nailoni juu, neti pembeni, na mipira ya matone inayotoka kwenye tangi. Kila mche ukapata kibao chake, kipande cha ndoo nyeupe ya rangi nilichokiandika kwa wino usiofutika, na kila kibao kikapata ukurasa wake kwenye daftari: siku ya kupanda, siku ya ua la kwanza, siku ya kupunguza, siku ya kuvuna.

Miche yote niliipa namba isipokuwa ya mstari wa mbele. Mstari wa mbele ndio wageni wanaouona kwanza wakiingia, nikaona niupe heshima ya familia. Kulikuwa na mche wa Eufrazia, mke wangu. Mche wa Romani, mwanangu, anayeuza vifaa vya umeme Mbagala Rangi Tatu na kukaa nasi kwenye vyumba vya uani. Mche wa marehemu mama yangu, Flaviana. Na mche wa Bupe, mke wa Romani.

Hapo kwa Bupe ndipo nilipokosea, na niliambiwa mapema.

Sisi ni watu wa Mbinga. Bupe ni wa Tukuyu, amelelewa na bibi yake, na bibi huyo alimlea kwa desturi ya zamani ya kwao ambayo mabinti wengi wa leo wameiacha: mwanamke hakai mbele ya baba mkwe wake, wala hamtazami usoni. Nikitokea uani, Bupe aliinama na kupita upande wa pili wa nyumba. Akitaka kunisalimu, salamu ilikuja kwa mdomo wa Eufrazia. Miaka minne tuliishi kiwanja kimoja, na sauti yake niliijua kwa kuisikia nyuma ya ukuta tu. Mwanzoni nilidhani ananichukia. Baadaye nikaelewa kwamba ni heshima, lakini moyoni niliiona ni heshima ya watu wasiosoma. Nikajiambia kwamba kumwandika mstari wa mbele kungemwonyesha kuwa kwangu yeye ni binti kama binti mwingine.

Siku alipokiona kibao chake mimi sikuwapo. Eufrazia ndiye aliyeniletea maneno.

"Baba Romani, mkweo kaogopa."

"Kaogopa nini?"

"Kasema, 'Mama, baba ameniandika.' Basi. Katoka humo na harudi tena. Kile kibao kitoe."

"Nikitoe kwa sababu gani? Wewe umeandikwa, mumewe kaandikwa, mama yangu aliye kaburini kaandikwa. Hakuna aliyelalamika."

"Kwao yeye na wewe hamkutani, hata kwa jina."

"Kwa hiyo hospitali wakiniuliza jina lake nisemeje? Yule wa pale?"

"Wewe cheka tu," Eufrazia alisema.

Nikacheka, nikadhani nimeshinda. Msimu ulipokwisha niling'oa miche, nikapanda mipya, na vibao nikavirudisha palepale.

Ilikuwa msimu wa tatu, asubuhi moja ya mwezi wa pili. Nilikuwa nimeinama kwenye mstari wa mbele na mkasi mdogo. Ua la kwanza la mche wa Eufrazia nilishaliondoa, la Romani pia. La mche wa Bupe nilikuwa nimelishika kati ya vidole viwili wakati Eufrazia alipoingia, akatembea moja kwa moja kwenye udongo uliolowa, akanishika kifundo cha mkono.

"Usilikate hilo."

"Mama Romani, lako nimelikata sasa hivi na mbona uko mzima?"

"Nenda kalete daftari."

Katika miaka arobaini ya ndoa yetu hakuwahi kuniomba daftari lolote. Nilikwenda nikalileta.

"Tarehe kumi na nne mwezi wa kumi, mwaka juzi. Ulifanya nini kwenye mche huu?"

Nikafungua ukurasa. "Nimeondoa ua la kwanza."

"Na tarehe ishirini na saba mwezi wa saba, mwaka jana."

Msimu ule wa pili nilikuwa nimeuacha mche mmoja na ua lake kwa majaribio, nione kama vitabu vinasema kweli. Mche wenyewe ulikuwa huu. Nikasoma nilichokiandika kwa mkono wangu: "Nimeondoa tunda changa, ukubwa wa gololi. Mche umedumaa."

Eufrazia akafungua pindo la khanga akatoa kadi mbili za kliniki zilizokunjwa. Akaniwekea juu ya daftari, akanionyesha kwa kidole tarehe zilizogongwa mhuri. Zilikuwa ni zilezile.

"Hizo ndizo siku alizoharibikiwa mimba," alisema. "Zote mbili. Ya pili ilishafika miezi mitatu."

Sikuwa nimejua. Nilikumbuka siku ambazo mlango wa uani ulifungwa na nikaambiwa Bupe ana homa. Mambo ya namna ile baba mkwe haambiwi, na mimi sikuuliza.

Nikajitetea kwa hesabu. Nilimwambia kwamba humu ndani nakata kitu karibu kila siku, na kwamba tarehe yoyote atakayoniletea, iwe ya msiba au ya harusi, itakutana na mkasi wangu.

"Kwenye mche huu?"

Nikatazama tena. Ukurasa wa mche namba tisa ulikuwa umejaa mistari ya kukata hadi pembeni. Ukurasa wa mche wa Bupe, kwa misimu miwili, ulikuwa na miwili tu, kwa sababu haukuwahi kubeba kitu kingine cha kukata.

"Na sasa?" niliuliza.

"Sasa ana miezi miwili."

Nikaliachia lile ua polepole, kama mtu anayeachia mlango usijibamize. Halafu nikainama kukichomoa kibao.

"Unafanya nini?"

"Si ulisema nikitoe?"

"Nilisema wakati ule. Umeshamwandika. Leo umfute, akiwa hivi alivyo?"

Nikakiacha kibao, nikatia mkasi mfukoni.

Petali za ua zilidondoka, tunda likashika. Mche haukutoa lingine. Miche mingine ya mstari ilichanua na kubeba kama kawaida; huu uliweka nguvu zake zote pale kwenye panda ya kwanza. Hoho huiva ndani ya miezi mitatu hivi tangu kushika. Hili lilipofika miezi mitatu lilikuwa na ukubwa wa ngumi, kijani kibichi, bila dalili ya kubadilika rangi, na lilikuwa bado linakua.

Sikulipima. Ni tunda pekee katika maisha yangu ya kilimo ambalo sikuliandikia kipimo. Nilijiambia kwamba ni kwa sababu sitaki kuligusa. Kweli yenyewe ni kwamba niliogopa kuona tarakimu zake zikipanda sambamba na zile za kwenye kadi ya kliniki, halafu nikose la kusema.

Asubuhi humo ndani matunda yote huwa na umande. Hilo halikuwa nao. Siku moja nilisogeza mgongo wa mkono karibu nalo, bila kuligusa, na nikahisi joto, joto lilelile unalolihisi ukisogeza mkono kwenye paji la mtoto aliyelala.

Mwezi wa tano maji ya bomba yalikatika siku tano. Siku ya nne tangi likatoa mlio wa utupu. Siku ya tano, saa saba mchana, niliingia nikakuta miche yote imelegea, na ganda la lile tunda limefinyaa kama ngozi ya kiwiko. Nilikuwa bado nalitazama Eufrazia alipopiga kelele kutoka jikoni kwamba Bupe ameanguka, midomo imekauka, nimsaidie maji ya kunywa yaliyobaki ndani.

Yalikuwa ndoo moja. Niligawa nusu kwa nusu. Nusu nilimpa Eufrazia, nusu nikaimimina kwenye shina, kikombe kwa kikombe, huku majirani wakinunua maji ya mkokoteni ya kupikia. Alasiri ganda lilikuwa limenyooka na linang'aa. Nyuma ya ukuta nilisikia Bupe akiomba uji.

Sikumwambia Eufrazia nilichokifanya. Naye hakuniuliza nusu nyingine ya ndoo ilikwenda wapi.

Mwezi wa saba alikuja bwana shamba wetu, kijana wa Kizaramo anayeitwa Mwinshehe, mcheshi, mwenye pikipiki. Kila mwaka kabla ya Nane Nane huzunguka kutafuta mazao ya kupeleka kwenye maonyesho Morogoro.

"Shikamoo mzee wangu."

"Marahaba, Mwinshehe."

"Mie nimesema nipite nione kama bado unatutia aibu sie wataalamu." Akaingia, akatazama huku na huku, halafu akaliona. "Lahaula! Mzee Gervas, hii hoho umeinyonyesha?"

"Usiiguse."

"Mzee una wivu kama bwana harusi! Nimeonaga hoho za Lushoto, nimeona za Iringa, hii hapana. Hii ndiyo naondoka nayo. Tunaiweka katikati ya meza, juu ya kitambaa cheupe. Chini yake jina lako kwa herufi kubwa, na picha yako umevaa suti. Mkulima Bora, Mzee Gervas wa Chamazi."

Hapa lazima niseme kweli, kwa sababu ndiyo sababu ya kuandika. Nilinyamaza. Niliiona ile meza na kile kitambaa. Niliwaona watu waliosoma mchana, wenye digrii zao za kilimo, wakiinama kusoma jina la mtu aliyesoma jioni. Nilinyamaza kwa muda wa kuvuta pumzi mbili, na Mwinshehe akauchukulia ukimya wangu kuwa ruhusa. Akalikinga tunda kwa kiganja, akalinyanyua juu kama tufanyavyo tukitaka kikonyo kivunjike chenyewe.

Ukelele ukatoka uani. Haukuwa wa kuita mtu. Ulikuwa wa mtu aliyekamatwa.

"Iachie!" Nilimshika mkono. "Iachie taratibu. Usivute. Ishushe. Hivyo, ishushe."

Aliishusha. Ukelele ukakatika. Nikasikia kandambili za Eufrazia zikikimbia kuelekea chumba cha Bupe.

"Kuna nini huko nyuma?"

"Mkwe wangu ni mgonjwa."

"Sasa mkweo anaumwa, mie ndio unanikamata kama kibaka?" Alitaka kucheka. Halafu akatazama kiganja chake, akakipangusa kwenye suruali. "Mzee. Hii kitu ina joto."

"Ni jua la humu."

Akagusa hoho ya mche wa jirani. Akagusa na nyingine. Alikataa chai, akaondoka. Tangu siku hiyo akipita barabarani hupiga honi tu, hasimami.

Bupe alilala kitandani wiki mbili kwa amri ya daktari. Romani alisema mimba ilitaka kutoka, haijulikani kwa nini. Mimi nilijua, na nililijua pia lile neno moja, hapana, ambalo ningeweza kulisema mapema zaidi.

Kuanzia hapo nilihamishia kiti changu mle ndani. Mwezi wa nane miche mingine ilimaliza kuzaa, ikaanza kukauka, nikaing'oa yote, mstari kwa mstari. Ukabaki mche mmoja katikati ya udongo mtupu, chini ya nailoni, umening'inizwa kwa kamba kutoka kwenye waya wa juu. Mtu akiingia alikuwa anasimama ghafla mlangoni kana kwamba amemkuta mtu anaoga.

Tunda lilikuwa zito sasa, na matawi ya hoho huvunjika upesi, hasa pale kwenye panda. Mwezi wa tisa nikaongeza kamba ya pili, nikaipitisha chini ya kikonyo na kuifunga juu kwenye waya ili ibebe uzito.

"Umeifunga vizuri?" Eufrazia aliuliza kutoka mlangoni. Hakuwa anaingia tena.

"Kamba za humu nimefunga maelfu."

"Sijauliza hizo maelfu."

Uchungu ulimshika Bupe mwanzoni mwa mwezi wa kumi, alfajiri. Romani alileta bajaji, Eufrazia akapanda na kapu la khanga, wakaenda hospitali. Mimi nilibaki, kwa sababu baba mkwe hana kazi huko, na kwa sababu mtu mmoja ilibidi abaki.

Saa nne asubuhi Romani alipiga simu: bado. Saa sita: bado, wauguzi wanasema njia imefunguka lakini mtoto hashuki, akisukumwa anarudi. Mapigo ya moyo wake yanapungua. Daktari wa upasuaji yuko na mgonjwa mwingine, wasubiri.

Saa saba kasoro akapiga Eufrazia.

"Baba Romani, uko wapi?"

"Hapa nje, chini ya upenu."

"Nenda kaangalie."

"Nikaangalie nini?"

"Unajua." Akakata.

Joto la mle ndani saa saba mchana hufanya macho yatoe machozi yenyewe. Nilisimama mbele ya mche na mwanzoni sikuona kitu. Tunda lilikuwa pale, kubwa, kijani. Halafu nikaona kwamba halining'inii kama jana. Lilikuwa limeinuka na kugeuka ubavu. Uzito wake ulikuwa umeizungusha ile kamba niliyoifunga kwa mkono wangu, na kamba ilikuwa imejiviringisha kwenye kikonyo na kukazana mpaka imezama ndani. Juu ya kamba kikonyo kilikuwa kimevimba. Chini yake kilikuwa kimeanza kuwa cheusi.

Mkasi ulikuwa mfukoni. Niliutoa. Kati ya kamba na kikonyo hapakuwa na nafasi ya kupitisha hata ukucha. Niliurudisha. Kuifungua kamba juu kwenye waya nisingeweza bila kulegeza uzito wote ghafla, na panda ingechanika. Ilibidi nilikinge tunda kwa mkono wa kushoto, niligeuze lilikotoka, na kwa mkono wa kulia niifuate kamba inavyojiachia.

Kwa hiyo nililigusa. Lilikuwa la moto, na ndani yake, chini ya kiganja changu, kitu kilikuwa kinadunda polepole, kwa kusitasita. Inawezekana ilikuwa mishipa ya mkono wangu mwenyewe. Mtu wa miaka sabini na moja aliyeshika kitu kizito kwenye joto huisikia mishipa yake.

"Mwanangu," nilisema.

Sikuwa nimewahi kusema na Bupe moja kwa moja. Nilisikia aibu, kama vile nimefungua mlango wa chumba chake.

"Mwanangu, vumilia kidogo. Mimi ndiye niliyefunga. Nafungua."

Simu ikaita mfukoni. Sikuwa na mkono wa kuipokea. Ikaita mpaka ikakata, ikaanza tena. Jasho lilikuwa linanidondoka kwenye miwani na nikawa naona vivuli tu, kwa hiyo nikafumba macho na kufuata kwa vidole. Niligeuza. Panda ikalia, mlio mdogo mkavu, nikasimama hapohapo nimeacha kupumua. Haikuchanika. Nikageuza tena, mzunguko mmoja mzima. Kamba ikalegea kidogo.

"Nisamehe kwa kukuandika," nilisema. "Niliambiwa nikacheka. Na siku ya yule bwana shamba nilinyamaza. Nililitaka jina langu liwe mezani. Nisamehe hayo mawili, halafu mwache mtoto ashuke."

Mzunguko wa pili ulikuwa mgumu kuliko wa kwanza. Kamba ilikuwa imezama mpaka ikashikana na nyama ya kikonyo, ikabidi niibandue kwa ncha ya ukucha, uzi kwa uzi. Kisha ikaachia yote kwa mara moja. Tunda likashuka kwenye kiganja changu kwa uzito wake wote, likatulia, na ule mdundo, kama ulikuwapo, ukaenda mbio.

Nilikaa chini kwenye udongo nikiwa bado nimelikinga. Sijui nilikaa muda gani. Simu ilipoita tena niliipokea kwa mkono wa kulia.

"Kazaliwa," Eufrazia alisema. Nyuma yake kulikuwa na sauti za wanawake, na kilio kimoja chembamba. "Mtoto wa kike. Kazaliwa mwenyewe, bila kisu. Baba Romani, kitovu kilikuwa kimemkaba shingoni, muuguzi anasema..."

"Mara mbili," nilisema.

Kilio kikaendelea.

"Nani kakwambia?"

Nilikata simu, mkono wa kushoto ukiwa bado chini ya tunda.

Siku iliyofuata tunda lilikuwa na doa jekundu ubavuni. Siku ya tatu lilikuwa jekundu lote, kuanzia kikonyoni mpaka kitakoni. Sikulivuna. Vitabu vyangu vinaeleza namna ya kuvuna hoho, namna ya kuipanga kwenye kreti na kuihifadhi. Havielezi mtu afanye nini na hoho kama ile. Nilimuuliza Eufrazia. Alisema si yetu, tungoje mwenyewe atoke ndani.

Bupe alikaa ndani siku arobaini. Katika siku hizo hoho iliyoiva ingepaswa kulainika na kuoza. Hii ilibaki ngumu. Mtoto alipewa jina la mama yangu, Flaviana. Nililetewa mara moja nikamshika, nikaona shingoni ana mistari miwili myembamba, imefifia. Eufrazia alisema itapotea.

Siku ya arobaini na moja asubuhi nilikuwa kwenye kiti changu mle ndani niliposikia hatua nisizozijua. Bupe alikuwa amesimama mlangoni, mtoto amembeba mgongoni kwa khanga. Nikainuka haraka nitoke kwa mlango wa nyuma nimpishe. Nilikuwa nimejifunza.

"Baba, kaa," alisema.

Nikakaa, macho nimeyainamisha. Nikaona miguu yake ikipita mbele yangu kwenye udongo mkavu, ikasimama penye mche. Nilitaka kumwambia asubiri, aniache kwanza nifikiri. Nikasikia kikonyo kikivunjika.

Nilitazama mgongoni kwake, siyo mkononi. Eufrazia, ambaye alikuwa amemfuata na kusimama mlangoni, naye alikuwa anatazama hapohapo. Mtoto alikuwa amelala. Mgongo wake mdogo ulipanda, ukashuka. Ukapanda tena.

Bupe alikwenda upenuni, akakaa kwenye kigoda, akaomba kisu na sahani. Alikata katikati. Hoho yoyote ina mbegu, mamia, zimejaa kwenye kifundo kule juu. Hii haikuwa na hata moja. Ndani ilikuwa tupu na safi, kama chumba ambacho mpangaji ameondoka akakifagia. Kuna maelezo ya jambo hilo. Ua lisipopata chavua, kwa sababu ya joto kali, tunda laweza kushika bila mbegu. Nilikuwa nayo maelezo hayo mdomoni. Sikuyatoa.

"Mama, karibuni," Bupe alisema, akasogeza sahani.

"Hapana mwanangu," Eufrazia alisema. "Kula mwenyewe. Yote."

Hakuuliza kwa nini. Alikula mbichi, bila chumvi, kipande baada ya kipande, taratibu, kama mtu anayemaliza dawa aliyoandikiwa. Kiwanja kizima kilikuwa kimya, nilisikia anavyotafuna. Alipomaliza alikula na kikonyo. Kisha akanawa mikono, akamfungua mtoto mgongoni, akampakata na kumpa ziwa palepale, mbele yangu, bila kugeuka upande.

Mtoto alinyonya akiwa amefumbua macho. Muda wote hakumtazama mama yake. Alinitazama mimi.